Rendaringi intenti na picha nyeusi na nyeupe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umezaliwa kaunta. Mtu anaingia studio hapa Mtwara ameshika flashi, ndani mna picha ya magofu ya Kilwa Kisiwani au ya bibi yake amekaa barazani Mikindani. Ameshaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, na kwenye skrini inapendeza kweli. Ikitoka kwenye printa, sehemu za giza zimekuwa tope. Hapo ndipo linapokuja swali: "Fundi, kwenye ile menyu ya intenti nichague ipi?" Tumejibu kwa mdomo mpaka chai ikapoa. Sasa tunaandika.

Rendaringi intenti ni kitu gani hasa?

Ni uamuzi wa nini kifanyike pale picha inapotaka kitu ambacho karatasi na wino haviwezi kukitoa. Chukua gunia kubwa la korosho ghafi linalotakiwa kuhamia kwenye gunia dogo. Unaweza kujaza mpaka mdomoni, zinazozidi ukaziacha sakafuni. Unaweza pia kushindilia mpaka zote ziingie, zikabanana humo ndani. Intenti ndiyo inayoiambia programu ijaze au ishindilie.

Utaratibu huu ulitokana na ICC, muungano wa kampuni unaoweka kanuni za rangi, ulioanzishwa mwaka 1993 na kampuni kadhaa zikiwemo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft. Kuna intenti nne: Paseptuali, Relativu Kolorimetriki, Saturesheni na Absoluti Kolorimetriki. Kwenye menyu zitambue kwa herufi za mwanzo, P, R, S na A, na hapa chini tutaziita hivyo hivyo.

Picha yangu haina rangi. Mambo ya intenti za rangi yananihusu nini?

Hili ndilo swali bora kuliko yote. Maelezo mengi ya intenti yanahusu bluu ya bahari au wekundu wa kanga ambao printa haiufikii. Kwenye picha nyeusi na nyeupe shida hiyo haipo. Kijivu hakina rangi ya kuzidi uwezo wa printa. Kinachobaki kuamuliwa ni ncha mbili tu: weupe wa mwisho uangukie wapi, na weusi wa mwisho uangukie wapi.

Weupe ni rahisi. Printa zetu hizi hazina wino mweupe, kwa hiyo karatasi yenyewe ndiyo nyeupe yako. Kazi iko kwenye weusi. Kuna kipimo kinaitwa L, ambacho 0 ni giza tupu na 100 ni nyeupe. Faili linaweza kuwa na 0. Karatasi haiwezi, maana hata wino mweusi tii unarudisha mwanga kidogo. Karatasi ya glosi, yaani inayong'aa, ikifikia densiti (kipimo cha uzito wa weusi) ya 2.3 inarudisha nusu asilimia ya mwanga, sawa na L ya 4.5 hivi. Karatasi ya mati, yaani isiyong'aa, yenye densiti ya 1.6 inarudisha asilimia 2.5, na hiyo ni L ya 18. Kwa hiyo kila kilichomo kwenye faili kati ya 0 na 18 kinasubiri hukumu: kitupwe au kibanwe.

Kama 18 inaonekana namba ndogo, piga picha kinyago cha Kimakonde. Mpingo wenyewe ni mweusi, na vile vinyago vya ujamaa vina watu waliobebana, mikono imepita chini ya mikono, nyuso zimejificha nyuma ya migongo. Alama za patasi, mviringo wa bega, jicho la yule wa chini kabisa, karibu vyote viko gizani. Sisi tukitaka kujua kama karatasi mpya inafaa, picha ya kinyago ndiyo ya kwanza kuprinti. Picha ya mashamba ya chumvi saa sita mchana itapendeza kwenye karatasi yoyote na haitakufundisha kitu kuhusu intenti.

Kile kisanduku cha BPC nikiweke tiki au nikiache?

Weka tiki. BPC ni kifupi cha Black Point Compensation; kwa Kiswahili tunaweza kuiita fidia ya nukta nyeusi. Adobe ndio walioieneza, na mwaka 2015 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 18619. Inachukua weusi wa mwisho wa faili na kuukalisha juu ya weusi wa mwisho wa karatasi, kisha mwanga mwingine wote unasogezwa kwa uwiano.

Ukichagua R bila tiki, kwenye karatasi ile ya mati kila kitu kuanzia 0 hadi 18 kinatoka weusi mmoja. Kinyago kinakuwa kama kivuli kilichokatwa kwa mkasi. Ukiweka tiki, hesabu inakwenda hivi: 0 ya faili inatoka 18, 5 inatoka 20, 10 inatoka 22, na 50 inatoka 52.

Ziangalie tena hizo namba, maana ndizo zinazoeleza mambo mengi mnayolalamikia. Katikati ya picha, 50 imesogea hatua mbili tu, jicho halioni. Lakini huko gizani hatua kumi zimebanwa zikawa nne. Hazijapotea, zimesongamana. Kwenye karatasi ya glosi, 0 inatoka 4.5 na 10 inatoka 13, yaani hatua kumi zimebaki karibu tisa. Ndiyo maana faili lile lile, intenti ile ile, tiki ile ile, linatoka na giza lenye uhai kwenye glosi na giza zito kwenye mati. Usiilaumu intenti. Kabla ya kuprinti kwenye mati, rudi kwenye picha uongeze tofauti ya mwanga ndani ya sehemu za giza peke yake, kuliko ambavyo ungependa kuiona kwenye skrini.

Sasa kati ya P na R, ipi?

Anza na R yenye tiki ya BPC. Ndiyo chaguo letu kwa kazi karibu zote za nyeusi na nyeupe.

Wengi huipenda P kwa sababu wamesikia kwamba "inaangalia picha nzima halafu inaamua". Haiangalii. P ni jedwali lililokwisha kuandikwa ndani ya profaili ya printa (faili linaloeleza jinsi printa, wino na karatasi fulani vinavyotoa rangi) siku profaili ilipotengenezwa, hata kabla hujapiga picha yako. Aliyeitengeneza aliamua jinsi ya kubana rangi kali ili zote ziingie, na kila mtengenezaji ana mkono wake. Mmoja ananyanyua sehemu za giza, mwingine anapunguza mkazo wa picha nzima. Kwenye picha ya rangi unaweza kumshukuru. Kwenye picha isiyo na rangi unalipia ubanaji wa rangi ambazo huna.

Hata hivyo hatuapi. Kuna profaili ambazo P yake na R yenye tiki zinatoka kama mapacha, na tumewahi kukutana na profaili ya karatasi ya mati ambayo P yake ilipandisha giza la kinyago vizuri kuliko R. Unayo karatasi na printa, printi zote mbili kwa saizi ndogo, ziweke pamoja kwenye mwanga wa dirishani. Dakika kumi zinamaliza ubishi.

Nimechagua A, picha imetoka na weupe wenye utandu. Printa imeharibika?

Printa ni nzima, imekutii. R inachukulia weupe wa karatasi kuwa ndio weupe, basi. A inakumbuka weupe wa faili ulivyokuwa na inajaribu kuuiga kwa wino. Karatasi yako ikiwa na ubuluu kidogo, A itapaka unjano mwembamba mpaka kwenye kanzu nyeupe. Ikiwa ya rangi ya maziwa, itajaribu kuipoza. Utaona mpaka wazi pale picha inapoishia na ukingo mtupu wa karatasi unapoanza, kama shati lililofuliwa nusu.

A ina kazi yake. Mtu wa magazeti anayetaka kuona, juu ya karatasi nyeupe ya glosi, jinsi picha yake itakavyoonekana kwenye karatasi ya gazeti, anatumia A, na kwake ule utandu ndio anaoutafuta. Kwa picha ya kutundika sebuleni, hapana.

Na S?

Iliwekwa kwa ajili ya chati na michoro ya ofisini, ambako watu wanataka rangi zipige kelele. Kwenye profaili nyingi za printa za picha inafanana na P. Iache.

Kaka, kijivu changu kimetoka na ukijani, na mwenzangu kwake kimetoka na uwaridi. Nibadilishe intenti?

Hapana, dada. Kubadilisha kati ya P na R hakuwezi kufuta ukijani. Printa za tangi zilizojaa mitaani, kama Epson L805 na L1800, zina wino sita: nyeusi, sayani, majenta, njano, sayani nyepesi na majenta nyepesi. Wino wa kijivu haupo. Kwa hiyo kijivu unachokiona ni mchanganyiko wa sayani, majenta, njano na nyeusi uliopimwa uwiane. Ukibadilisha karatasi, au ukijaza wino wa kampuni nyingine, uwiano unavunjika na rangi moja inajitokeza. Tundu moja la wino likiziba, ni hivyo hivyo.

Dawa ni profaili iliyotengenezwa kwa printa hiyo, wino huo na karatasi hiyo. Ukichagua kwenye menyu profaili ya glosi huku umeweka mati, hakuna intenti itakayokuokoa. Printa zenye wino wa kijivu ndani yake zinavumilia zaidi, kwa sababu hazitegemei sana mchanganyiko.

Jambo jingine ni taa. Picha ya kijivu cha mchanganyiko inaweza kuonekana safi chini ya tyubu ya dukani na ikawa na wekundu barazani jua la saa kumi. Kabla hujairudisha kwa hasira, toka nayo nje.

Printa yangu ina hali ya kuprinti nyeusi na nyeupe peke yake. Intenti ninaichagua wapi?

Kwa kawaida huichagui. Printa za Epson zenye hali ya ABW (Advanced Black and White), kwa mfano, zinapokea kijivu kutoka kwenye faili na programu ya printa yenyewe inaamua wino gani utumike na kiasi gani. Profaili ya ICC na intenti zake zinakuwa zimewekwa pembeni. Faida ni kijivu kilichotulia na wino wa rangi kidogo sana. Hasara ni kwamba ukitaka kuona kwenye skrini picha itakavyotoka, huna profaili ya kukuonyesha mpaka utengeneze yako.

Kosa tunaloliona sana ni kuziwasha zote mbili, programu ya picha inageuza rangi na printa nayo inageuza tena. Picha inatoka nzito, imeungua, na mara nyingi ina wekundu. Mmoja asimamie, mwingine anyamaze.

Nikituma faili kwenye maabara Dar, nigeuze kwa intenti gani?

Maabara nyingi zinazosafisha picha kwa mashine kubwa zinataka faili la sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini na mtandao, na hapo habari ni njema: haijalishi. sRGB na Adobe RGB ni profaili zisizo na jedwali la P. Hata ukichagua P, programu inafanya kama R. Na kijivu cha Adobe RGB kikihamia sRGB kinabaki kijivu, hakuna kinachotupwa. Intenti yenye uzito ni ile itakayotumika kutoka sRGB kwenda kwenye karatasi yao, na hiyo iko mikononi mwao. Ulizia kama wanatoa profaili ya mashine yao. Wasipokuwa nayo, tuma kwanza picha moja ndogo, isubiri irudi na basi, uitazame, ndipo utume mia.

Faili nimeligeuza kuwa la kijivu na likabadilika mwanga. Kwa nini?

Yaelekea limeangukia kwenye profaili ya Doti Geini 20%, ambayo ni ya mashine za ofseti za magazeti na vitabu, halafu programu nyingine ikalisoma kama ni Grei Gama 2.2. Namba ni zile zile lakini zimesomwa kwa lugha mbili. Tumia Grei Gama 2.2, au liache faili kwenye RGB likiwa limeondolewa rangi tu. Sisi tunaliacha RGB. Na daima hifadhi na profaili ndani. Faili lisilo na profaili ni kama barua isiyo na jina la mtumaji.

Kwenye Lightroom naona intenti mbili tu. Zingine zimekwenda wapi?

Ni kweli, sehemu ya kuprinti inakupa P na R peke yake, na BPC haina kisanduku kwa sababu inafanyika yenyewe. Kwa picha hizi hujakosa kitu. Photoshop na GIMP zinakupa zote nne na kisanduku chake, na GIMP ni ya bure.

Naweza kuona tofauti kwenye skrini kabla sijapoteza karatasi?

Unaweza, kwa onyesho la majaribio (soft proof) ambalo programu hizi zinalo. Chagua profaili ya karatasi, chagua intenti, weka tiki ya BPC, kisha washa na uzime. Kuna pia chaguo la kuiga weupe wa karatasi na weusi wa wino. Ukilibofya, picha inapauka ghafla mbele ya macho yako na moyo unakatika. Geuka utazame dirishani, bofya, subiri kidogo, ndipo urudi. Jicho likishasahau ile skrini ing'aayo, utaona kitu kinachokaribia kile kitakachotoka.

Usiondoke hapo bila kusogeza sehemu za giza. Onyesho la majaribio usilolitumia kurekebisha ni sinema tu.

Picha zangu zote zinatoka nyeusi mno, hata nikitumia R yenye tiki.

Skrini yako inang'aa mno. Hili ndilo tatizo namba moja kwenye kaunta yetu na halina uhusiano na intenti. Laptopu iliyowekwa mwanga wa mwisho inakudanganya kwamba picha ina mwanga wa kutosha, wewe unaipunguza, karatasi inatoka giza. Kwa kazi ya kuprinti watu wengi huweka skrini kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Huna kipimo? Fungua ukurasa mweupe, weka karatasi nyeupe pembeni chini ya taa yako ya kazi, punguza mwanga wa skrini mpaka viwili hivyo vikaribiane. Si sayansi kamili, lakini tumeona watu wakiacha kulalamika siku hiyo hiyo.

Napiga harusi. Bwana harusi suti nyeusi, bibi harusi shela nyeupe, ngozi zetu ndio hizi. Kuna mpangilio maalumu?

Mpangilio ni ule ule, R yenye tiki. Umakini ndio unaobadilika. Ngozi nyeusi iliyopigwa vizuri mara nyingi inakaa juu ya lile eneo linalobanwa. Wanaozama ni suti, nywele na kope, pamoja na upande wa uso usiopata mwanga. Ukiona shavu la upande wa kivuli limefikia giza la suti, pandisha shavu, acha suti ilale. Kwenye shela kuwa mwangalifu na 255 tupu, namba ya juu kabisa ya RGB kwenye faili: hapo wino haupakwi kabisa, na kwenye glosi panaweza kuonekana kama doa lisilong'aa sawa na jirani zake. Acha shela iishie 245 au 250.

Na kama ni harusi, usichague mati kwa sababu tu imekuwa fasheni. Rudi juu ukasome zile namba za 18.

Picha ya zamani ya babu ina ukahawia, nataka ukahawia ubaki.

R tena. Ukahawia wa namna hiyo ni rangi hafifu, printa inaufikia bila shida, na R inauacha ulivyo. P inaweza kuusogeza kidogo. Kumbuka tu kwamba R inafuata weupe wa karatasi: kwenye karatasi ya rangi ya maziwa, ukahawia wote utaongezeka joto.

Nawezaje kupima mwenyewe bila mashine za kupimia?

Tengeneza faili lenye miraba ya kijivu, namba za RGB zikipanda mbili mbili kutoka 0 hadi 60, kila mraba na namba yake pembeni. Printi kwa R bila tiki, kisha R yenye tiki, kisha P, karatasi moja na profaili moja. Ziache zikauke mpaka kesho. Huku pwani unyevu ni mwingi na weusi uliotoka sasa hivi si weusi wa kesho. Halafu tafuta, kwenye kila moja, mraba wa kwanza unaoweza kuutofautisha na jirani yake. Bila tiki kwenye mati utashangaa ni miraba mingapi imekufa. Andika namba hiyo nyuma ya pakiti ya karatasi, na pakiti uifunge vizuri ndani ya mfuko wake, usiiache wazi mezani.

Si niwaachie nyinyi mchague?

Karibu. Leta TIFF, au JPEG ya ubora wa juu, profaili ikiwa ndani. Usiligeuze kwenda kwenye profaili ya printa uliyoipakua mtandaoni, maana hatutaweza kurudisha kilichobanwa. Tuambie karatasi unayotaka na picha itatundikwa wapi, sebule yenye dirisha moja au ukumbi wenye taa. Na kama kuna kitu gizani ambacho lazima kionekane, kidole cha bibi kwenye ukili, jina la jahazi, jicho la yule wa chini kwenye kinyago, kitaje. Hicho ndicho tutakachokitazama kwanza printa ikimaliza.